Kuro Alivyobana Mkojo Ukweni

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula au mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini? Semeni, palikuwa na kiu!

Palikuwa na kiu!

Haya, sogeeni. Lakini kabla sijaanza, wewe wa pale mwisho, unayepandanisha miguu na kuyakaza macho, nenda kwanza. Ndiyo, wewe. Zunguka nyuma ya nyumba, tutakungoja. Na nyie mnamcheka nini? Hadithi yenyewe ni ya hilohilo, na ninyi mnaocheka sasa nitawatazama mwishoni.

Ameenda? Haya.

Hapo kale, kale ile wanyama walipokuwa wakisemezana na kuposana, alikuwepo Kuro. Mnamjua Kuro? Mnyama wa mtoni. Manyoya marefu ya kahawia, pembe zimepinda mbele kidogo, na huku nyuma matakoni ana duara jeupe kama aliyekalia sinia la unga. Kuro huyu alikuwa kijana mpole, mwenye haya. Kwao ni kwenye kona ya mto, majani mabichi mwaka mzima. Asubuhi anakunywa maji, gudu gudu gudu. Mchana anakunywa, gudu gudu gudu. Jioni anakunywa tena. Na akishakunywa anaingia kichakani, shwaaa! Anatoka, anaendelea na mambo yake. Hakuna aliyemshangaa. Mama yake hivyohivyo, baba yake hivyohivyo, shangazi zake hivyohivyo.

Ukaja mwaka wa ukame. Choroa, wale wa nyika kavu wenye pembe ndefu zilizonyooka, wakashuka mpaka karibu na mto. Hapo Kuro akamwona Kidawa, binti wa Mzee Choroa. Akamwona, akasahau kula. Kidawa naye akamwona, akajifanya anatazama ndege. Basi, mambo yakawa mambo.

Choroa waliporudi kwao, Kuro akamtuma Kanga awe mshenga. Kanga akaenda, kekeke kekeke, akarudi.

"Bwana harusi, wamekubali! Lakini kuna Kikao."

"Kikao gani?"

"Utakwenda ukweni, utalala uwanjani mbele ya Mzee Choroa. Wazee wanakutazama, wanakuuliza maneno, unajibu. Huinuki. Jua linapanda hujainuka, jua linazama hujainuka. Baba mkwe ndiye ainuke kwanza, akisimama ndipo akwambie, 'Inuka, mwanangu.' Ukiinuka kabla yake, umewadharau. Na mnarudia kila siku mpaka wazee waridhike."

"Kulala tu?" akasema Kuro. "Kulala najua."

Kuna jambo moja Kanga hakumwambia, kwa sababu hakulijua. Kwa Choroa maji ni umande wa alfajiri na matango pori. Choroa akienda haja ndogo, basi ni mara moja kwa siku, kidogo, nzito, tone, tone, kwisha. Kwa hiyo kwao mtu wa kukojoa mara kwa mara ni mtu asiye na adabu. Anamwaga maji mbele ya wenye kiu.

Siku ya safari Kuro akanywa mto. Akanywa kama anayeagana nao. Akafika ukweni tumbo linacheza, pwata pwata.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Lala hapo."

Uwanja wa Choroa ulikuwa na mteremko. Mzee alilala upande wa juu, kwenye shimo lake la mchanga alilolizoea. Mkwe akalazwa upande wa chini. Wazee huku na huku. Kidawa na mama yake pembeni. Ndama wamejaa kama kawaida yao, pasipowahusu ndipo walipo.

Jua likapanda kidogo. Kuro akaanza kubanwa. Akakaza. Jua likapanda tena. Akakaza tena. Baba mdogo wa Kidawa akamuuliza, "Babu yako alikuwa nani?" Kuro akafungua mdomo, jina la babu halikuja. Kilichokuja ni kingine. Akaruka, akakimbia nyuma ya mgunga.

Shwaaaaa!

Ikalia, ikalia, ikalia, haiishi. Uwanja mzima unasikiliza. Ilipokwisha, ndama wakaangua kicheko, wakatunga wimbo palepale:

Mkwe mto, mkwe mto,
kaja na mafuriko!

Kuro akarudi kichwa chini. Akamtazama Kidawa. Kidawa alikuwa anatazama kwato zake mwenyewe.

Ee wanangu, jicho lile! Angemcheka afadhali. Kuro aliona aibu, aibu ikampanda kutoka kwatoni mpaka masikioni, akatamani ardhi impokee. Na siku ile ile ikabidi akimbilie mgunga tena, na tena. Kila akienda, wimbo. Kila akirudi, Kidawa anatazama chini.

Jioni akamfuata Kanga.

"Kanga, nimeaibika. Nifanyeje?"

"Usinywe maji," akasema Kanga. "Kinachoingia ndicho kinachotoka. Mbona mimi sikojoi? Tangu nianguliwe sijakojoa. Naangusha cheupe kidogo, tak, nimemaliza. Ni mazoea tu, Bwana harusi."

Mnasikia ushauri huo? Ushauri wa asiye na kibofu! Ndege hana kibofu, wanangu. Uchafu wa damu yake hutoka mzito, mweupe, umechanganyika na mavi yake, na hauhitaji maji mengi. Kanga hakusema uongo. Alisema ya mwili wake, akamvika mwenzake. Na Kuro kwa aibu yake akavaa.

Kesho yake Mama Kidawa akamletea tango pori, limejaa maji. "Karibu, mwanangu, koo litakauka."

"Nimeshiba, Mama. Ahsante."

"Umeshiba kweli?"

"Nimeshiba, Mama."

Mama Kidawa akawageukia wenzake akatabasamu. Mkwe ameanza kujua adabu.

Siku ile Kuro alikwenda mgungani mara chache. Siku iliyofuata mara moja. Mkojo wake uliokuwa mweupe kama maji ya mto ukawa wa manjano, kisha ukawa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na ukitoka unachoma. Hata hicho kidogo akawa anakibana mpaka giza liingie. Ndama wakabadili wimbo:

Mkwe jiwe, mkwe jiwe,
hatoi hata tone!

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kidawa akaanza kumtazama tena usoni. Na hapo ndipo Kuro aliponaswa barabara. Angerudije nyuma? Aseme ana kiu, kisha wimbo ule wa kwanza urudi? Thubutu!

Lakini mwili haujui sifa. Kichwa kilimgonga, ngo ngo ngo. Mgongoni, chini ya mbavu, huku na huku, palimuuma. Macho yakazama. Manyoya yakasimama. Chakula kikanuka.

Kidawa akaona. Jioni moja akamsogelea, akasema polepole, "Kuro, mbona pumzi yako inanuka vibaya? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Unakunywa maji lakini?"

"Nakunywa, mwenzangu. Nakunywa umande asubuhi, wewe hujaamka."

Akamdanganya. Akageuza uso asije akasomwa. Aibu ya kwanza ilikuwa ya mkojo. Hii ya pili ilikuwa ya uongo, nayo ilimuuma zaidi, kwa sababu Kidawa alimwamini.

Hata Mama Kidawa siku moja alinung'unika, "Kikao siku hizi kirefu jamani. Enzi zetu jua likifika utosini, wazee wameshainuka, mkwe amekwenda kula." Mzee Choroa akamjibu kwa ukali, "Bado. Jua halijazama." Na kila jioni ilikuwa hivyo. Mzee hainuki mpaka giza. Likiingia anainuka, anamwinua mkwe, kisha anawaambia wote, "Tangulieni, tangulieni." Wakishaondoka anabaki peke yake, anasikika akichimba mchanga kwa kwato, kra kra kra, halafu ndipo anakuja. Watu wakasema, huyo ndiye mzee, anauheshimu uwanja.

Ikafika siku ya mwisho. Wazee walishaambiana, leo tunamkubali. Jua likapanda, kali, limetuna. Likafika utosini. Kuro akaona wazee wamekuwa wengi, kila mzee ana pembe nne. Masikio yakamlia, wiii. Shingo ikalegea, shavu likalala mchangani, pu!

Na pale alipolala, sikio moja limebanwa na mchanga, akasikia sauti. Hazikutoka nje. Zilitoka ndani yake, mgongoni. Yalikuwa mafigo yake mawili, la kulia na la kushoto, yanagombana.

"Damu hii hapa, ifue!" lilisema Figo la Kulia.

"Niifue na nini?" lilijibu Figo la Kushoto. "Maji yako wapi?"

"Leo hayakuja."

"Na jana?"

"Na jana hayakuja. Na juzi hayakuja."

"Basi mimi uchafu huu niupeleke wapi? Kazi yangu kupokea damu yote ya huyu bwana, kuchuja, kizuri nakirudisha, kibaya nakitia majini, nakiteremsha kwenye kibofu, kibofu kinakwenda kumwaga. Bila maji uchafu hauteremki. Unarudi kwenye damu."

"Ukirudi kwenye damu utapanda kichwani."

"Umeshapanda. Huoni anavyoona wazee wana pembe nne?"

"Mbona mafigo ya Choroa yanaweza?"

"Yale yana mirija mirefu. Yanakamua mkojo kama nguo, maji yanarudi mwilini, kinachotoka ni tone zito. Mimi mirija yangu mifupi, ndugu yangu. Niliumbiwa mto. Nitakamua nini?"

"Basi mwambie bwana anywe."

"Nimemwambia kwa kiu, hakusikia. Nimemwambia kwa kichwa, hakusikia. Nimemwambia kwa mgongo. Anasema anaona aibu."

Figo la Kulia likasema, "Mimi nachoka. Nikilala, usiniamshe."

Kuro aliposikia hivyo akaogopa kweli. Akajua anakufa. Anakufa uwanjani, mbele ya mchumba wake, kwa sababu ya kichaka na shwaaa. Ulimi umegandamana na meno. Akaubandua.

"Maji," akasema. "Baba. Mama. Nina kiu. Sijanywa tangu siku ya kwanza. Nilidanganya."

Kidawa hakungoja ruhusa ya mtu. Akakimbia, akarudi na tango pori mdomoni, akalipasua kinywani mwa Kuro. Gudu. Akakimbia tena. Gudu gudu. Mama Kidawa akakimbia. Hata ndama wakakimbia, wimbo umewatoka. Matango ya akiba yote yakaja. Gudu gudu gudu.

"Mzee, funga Kikao," akasema Mama Kidawa. "Mtoto wa watu apelekwe kivulini."

"Bado," akasema Mzee Choroa. "Jua halijazama."

"Anakufa huyu!"

"Nimesema bado!"

Wakamshangaa. Mzee alikuwa mkali, lakini hakuwa katili. Macho yake yalikuwa yanatangatanga huku na huku, na miguu ameikunja chini yake kama aliyekalia yai. Hakuinuka. Na yeye asipoinuka, nani atamwinua mkwe?

Jua likatoka utosini, likaanza kuteremka. Maji yakafika pale yalipokuwa yakingojwa. Mafigo yakaamka, yakafua, yakafua, yakateremsha. Kibofu kikajaa. Kuro akasikia. Akajaribu kusimama akimbilie mgunga, miguu ikakataa. Akakaza. Akakaza mpaka machozi. Ikashindikana.

Shwaaa.

Hapohapo. Uwanjani. Amelala, mbele ya baba mkwe na mama mkwe na Kidawa. Maji ya kahawia yakamzunguka, yakateremka mteremkoni. Kuro akafumba macho. Kama kuna aibu kuzidi ile, mimi sijaisikia, na nimesikia mengi.

Ndama mmoja akaanza, "Mkwe mto..." Mama yake akampiga teke.

Baba mdogo wa Kidawa akasema, "Hapa ndoa hakuna tena. Amekojoa kwenye uwanja wa wazee! Kaka, inuka utoe hukumu, huyu arudi kwao."

Mzee Choroa hakuinuka.

"Kaka, inuka!"

Mzee akazidi kuikunja miguu chini yake.

Kuro akafumbua macho. Shavu lake liko mchangani, macho yako sawa na ardhi. Akaona ambacho aliyesimama hawezi kukiona. Chini ya tumbo la Mzee Choroa mchanga ulikuwa umelowa. Si kulowa kwa leo tu. Ulikuwa na duara jeupe la chumvi ya jana, na la juzi, na la siku nyingine, na juu yake unyevu mpya, mweusi. Akakumbuka zile kra kra kra za gizani. Akakumbuka "Tangulieni, tangulieni." Akaelewa kwa nini jua lilikuwa halizami.

Sasa nawauliza ninyi mliocheka mwanzoni. Mngefanyaje? Mngesema, "Tazameni, hata yeye!" Si ndiyo? Mngesema. Kuro alikuwa na neno hilo mdomoni. Neno moja tu, na kicheko chote kingehama kutoka kwake, kikampanda yule mzee.

Akamtazama Mzee. Mzee akamtazama yeye. Mzee akajua kuwa ameonekana, na ule uso mkali ukawa uso wa mtoto anayengoja kupigwa.

Kuro akasema kwa sauti iliyobaki, "Wazee wangu, nisameheni. Baba hawezi kuinuka kwa sababu yangu. Maji yangu yamemfikia pale alipo, yamemlowesha. Mkimwona amelowa, si yeye, ni mimi. Nitarudi kwetu. Mtieni Baba mchanga mkavu."

Wote wakatazama. Mama Kidawa akatazama mteremko, akatazama alipo mkwe, akatazama alipo mumewe.

Mzee Choroa akainuka. Polepole, goti moja, goti la pili. Akasimama wima jua likiwaka, na tumbo lake lilikuwa limelowa na mchanga umeganda, kila mtu akaona.

"Mwanangu," akasema, "wewe umelala chini, mimi nimelala juu. Maji yako yangefikaje huku? Haya ni yangu."

Hakuna aliyecheka. Hata ndama hawakucheka.

"Tangu uzee uniingie kibofu changu hakiningoji. Kinamwaga nikiwa nimelala. Nikaona haya kusema, hata kwa mke wangu. Kikao kilikuwa kinaisha adhuhuri. Mimi ndiye niliyekivuta mpaka magharibi, niinuke gizani, nifukie. Nikakulaza hapa unakauka, na nilikuona unakauka. Nilikuona, mwanangu. Nikasema bado."

Akateremka ule mteremko, akapita kwenye maji ya Kuro bila kuyaruka, akatia bega lake chini ya shingo ya mkwe.

"Inuka, mwanangu."

Kuro akainuka, anayumba. Kidawa akaja upande wa pili, akamwegemeza. Na alikuwa anamtazama usoni, ingawa naye machozi ya haya yalikuwa yanamtoka, maana alizikumbuka kwato zake alizozitazama siku ile.

Wakaoana. Wakahamia katikati, mahali penye kisima kwa Kuro na matango kwa Kidawa. Na Kanga, mnamuuliza Kanga? Kanga aliona haya, akaingia majanini, na mpaka leo ukimkaribia anakimbia, kekeke kekeke.

Kikao kipo mpaka leo kwa Choroa. Lakini kabla hakijaanza, baba mkwe humuuliza mkwe mbele ya watu wote, "Umekunywa? Umekwenda?" Na mkwe hujibu, "Nimekunywa, nimekwenda. Na wewe, Baba?" Wanakwenda wote wawili, mmoja mgunga huu, mmoja mgunga ule. Halafu ndipo wanalala.

Basi, wanangu, na ninyi wazee wenzangu mnaojifanya mnasinzia: kunyweni maji. Ukibanwa, nenda. Mafigo yanakufulia damu mchana na usiku hayalali, usiyanyime maji kwa kuogopa macho ya watu. Mwili wa mwenzako si mwili wako, usimpimie kwa kipimo chako. Na ukiiona aibu ya mtu, ifukie, usiiimbie wimbo.

Yule wetu karudi? Mpisheni akae. Nani alimcheka? Eh, leo mmeinama wote.

Hadithi yangu imelala hapo, haiinuki tena. Sisi tuinuke, na aliyebanwa atangulie.